Kabla Mahindi Hayajakauka Kau

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane. Ngoja, nisiseme uongo. Ilikuwa bado elfu mbili na saba, mwaka umefika mkiani kabisa, kura zimeshapigwa na watu wanangoja kutangaziwa. Nakosea kila mara kwa sababu hapa Eldoret kila mtu akitaja mambo yale husema "mwaka wa nane", na mimi nimezoea kusema hivyo. Lakini mahindi ya Kipyego yalitandazwa kwa Njambi mwaka wa saba, yakaondolewa mwaka wa saba, na Nderitu naye hakuuona huo mwaka wa nane.

Njambi majirani walimwita Mama Kim. Kazi yake pale Kimumu, pembeni mwa mji, ilikuwa kukausha mahindi ya watu. Wakulima waliovuna mvua ikiwa bado inanyunya walimletea, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa wazi, kimeinama kidogo, jua linakipiga kutoka asubuhi mpaka jioni, na alikuwa na turubai kubwa kuliko mtu yeyote upande ule. Aliyatandaza, akayageuza kwa miguu, akipita katikati polepole miguu mitupu kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Wingu likikusanyika, aliyakunja na kuyafunika.

Mimi nilikuwa mshona magunia. Nilitembea na sindano yangu ndefu na kamba ya katani, kutoka Kesses mpaka Kimumu na zaidi, nikishona midomo ya magunia na kulala pale nilipofika. Kwa Njambi nilifika kila msimu, na ndiko nilikojifunza neno kau.

Watu wanasema mahindi ni mabichi au ni makavu, basi. Njambi alikuwa na ngazi zake. Kulikuwa na mabichi. Kulikuwa na yaliyokauka juu, yaani ngozi inakudanganya na ndani bado kuna maji. Kulikuwa na makavu. Na mwisho kabisa kulikuwa na makavu kau. Yakiwa makavu tu, ukiuma punje inapasuka. Yakiwa kau, inakataa kwanza, halafu inavunjika kama kioo, na sauti unaisikia kwa ndani ya kichwa. Yakiwa makavu tu, ukisukuma mkono ndani ya gunia unakwama kwenye kiganja. Yakiwa kau, mkono unateleza mpaka kwenye kiwiko, na huko ndani ni baridi.

Mwalimu mmoja wa Kesses aliwahi kunieleza kwamba kau ni neno la kutilia nguvu, kama vile pe kwenye nyeupe pe na tititi kwenye nyeusi tititi, na kwamba halina kazi likiwa peke yake. Nilimpelekea Njambi maneno hayo. Alicheka, akasema mwalimu amesema vizuri, lakini kwake neno lile lilikuwa na kazi ya kutosha. Siku moja nilifika nimechoka, nikasema koo langu limekauka kau. Hakukubali.

"Koo ni kavu, mzee. Kunywa chai litapona," akaniambia. "Kau ni kitu kilikuwa na maji, ukayatoa yote kwa kazi, na hayarudi tena."

Kwa hiyo kwake mto haukukauka kau, wala ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa, wala mfuko. Ni mahindi tu. Na mahindi yakishatandazwa kwake hayakutoka mpaka yeye mwenyewe atamke neno hilo. Wenye haraka walikuja wakambembeleza, wengine wakamtusi. Alisimama mikono kiunoni, akawaambia kwamba yakiota ukungu nyumbani kwao hakuna atakayeuliza yalilimwa na nani, watauliza yalikaushwa na nani. Kipyego, mkulima wa upande wa barabara ya Iten ambaye alikausha kwake miaka mingi, alimwita polisi wa mahindi. Alimwita hivyo akiwa amekaa kwenye kigoda cha Njambi, anakula githeri yake, na maziwa lala ya kibuyu aliyokuja nayo kwa ajili ya Nderitu yako pale mezani.

Nderitu ndiye mume wa Njambi. Walitoka upande wa Nyeri wakiwa vijana, yeye akafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, wakanunua kile kiwanja pamoja na wengine kutoka kwao. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango. Halafu kiharusi kikampiga, upande wa kulia ukafa wote na maneno yakaenda. Hakuweza kusimama, hata kukaa bila kuegemezwa. Njambi alimtandikia godoro karibu na mlango ili aone turubai, akampa kifuniko cha sufuria na kijiko. Wingu likitokea, au mbuzi wa watu, Nderitu aligonga kwa mkono wa kushoto. Basi naye alikuwa na kazi.

Siku zile baada ya kura, Kimumu ilibadilika sura. Vijana wa kabila la Kipyego walikaa vikundi vikundi mbele ya maduka na redio, na mtu wa kutoka mkoa wa kati, Mkikuyu kama Njambi, akipita walinyamaza mpaka amalize kupita. Kim, mtoto wao aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alipiga simu akamwambia mama yake watoke, waende mjini kwa kanisa, watu wengi wameanza kuingia huko. Njambi alimuuliza watoke na nini. Yeye mwenyewe angeweza kutembea. Mumewe hawezi, na hakuna mwenye gari aliyekubali kuja mpaka Kimumu kumchukua Mkikuyu mgonjwa. Alijaribu watatu au wanne. Huo ndio mzigo aliokuwa nao kifuani, wala si mahindi.

Jumapili asubuhi, matokeo bado hayajatangazwa, Kipyego alifika na lori tupu. Mwenye lori na dereva wake alikuwa Sadiq, Msomali wa mjini anayekaa mtaa wa West Indies, mtu wa kusafirisha mizigo ya kila mtu. Mimi nilikuwa pale na sindano yangu.

"Mama, leo nachukua mahindi yangu," Kipyego akasema. Hakuketi.

Njambi aliinama, akaokota punje, akauma.

"Haijafika."

"Imefika ya kutosha."

"Hii bado inapumua, Kipyego. Nipe siku mbili, itakuwa kau."

Kipyego akaangalia barabara. Akasema siku mbili ni mbali sana.

Alisema hivyo tu. Lakini nilimwona Njambi akimtazama, halafu akaligeukia lile lori, akalitazama kwa muda mrefu kutoka mbele mpaka nyuma. Alipoanza kusema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. Akamwomba Kipyego jambo moja. Wampakie mzee kwanza, wamfikishe mjini, halafu lori lirudi lichukue mahindi. Hata yeye mwenyewe si lazima apande, atatembea.

Kipyego alikuna kidevu. Akamweleza kwamba vijana wameanza kuweka magogo barabarani. Leo mahindi wataacha yapite kwa sababu wanajua ni yake, kesho hawataacha. Akienda mjini kwanza, atarudi akute kumefungwa, na atakuwa amepoteza mavuno yote.

"Mahindi kwanza, halafu gari inarudi kwa Mzee," akasema. "Kwangu si mbali. Ni hapo tu."

"Itarudi?"

"Mama, tumekula pamoja miaka mingapi?"

Sadiq alikuwa ameegemea mlango wa lori anakula njugu karanga. 

Njambi akasema, "Basi chukua."

Sijawahi kumwona akitoa mahindi ambayo hayajafika, isipokuwa siku ile. Alishika midomo ya magunia yeye mwenyewe ili nishone haraka. Kila gunia lilipopita mkononi mwake alisukuma mkono ndani, ukakwama, akatikisa kichwa. Na kwa sababu mdomo wake ulizoea hivyo, alimwagiza Kipyego kama alivyowaagiza watu miaka yote.

"Ukifika, tandaza kwanza. Kabla ya kitu kingine chochote, tandaza. Hii ikilala kwa gunia itachemka."

Kipyego akasema sawa. Lori lilipoanza kuondoka Njambi alilifuata mpaka langoni, akarudia tena kwa sauti, tandaza kwanza, na Kipyego akatoa mkono dirishani kuonyesha amesikia.

Hazikupita dakika nyingi, jirani yake Nyaguthii akaja anasukuma wilbaro tupu. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, watoto wake wamefungiwa mizigo mgongoni tayari kwa safari. Akasema tumkunje Nderitu na godoro lake, mimi nisukume, yeye ashike miguu, tutafika tu. Nami nilikubali, nilikuwa bado na nguvu wakati huo.

Njambi alikataa. Akasema gari inarudi, kwa nini amtese mzee kwa wilbaro kwenye mawe?

"Gari ya nani? Ya Kipyego?" Nyaguthii akauliza.

"Ya Sadiq. Na Sadiq hana ugomvi na mtu."

"Sadiq hana ugomvi na hana usukani. Usukani uko kwa mwenye mahindi."

Njambi akamwambia asimtukanie jirani. Akaniambia mimi nimsukumie Nyaguthii mizigo yake na yule mtoto mdogo, wao wanakuja na lori, watatukuta njiani na kutuchukua. Tukaondoka. Njia nzima kwenda mjini tulisikiliza nyuma yetu. Kila gari lililovuma tulisimama kando na kugeuka.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilisimuliwa na Njambi mwenyewe kwenye kambi ya waliochomewa nyumba, na alinisimulia mara moja tu.

Alimvalisha Nderitu koti lake la kanisani na kofia, akamwegemeza mlangoni, fungu la nguo kando yake. Wakangoja. Jua likaelekea kushuka. Matokeo yakatangazwa, wakasikia kelele kutoka madukani, upande mmoja wa furaha na upande mwingine wa kitu kingine. Usiku wakakaa vilevile bila taa. Asubuhi Nderitu akaanza kugonga kifuniko. Njambi akatoka kuangalia wingu. Ulikuwa moshi, nyumba za chini zinawaka.

Alimvuta juu ya turubai. Mtu mkubwa vile, alimvuta peke yake, akarudi nyuma nyuma, mpaka kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba ambako mabua yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu. Akamlaza katikati, akamfunika kwa mabua. Mabua yale yalikuwa yamekauka kau. Mwenyewe alisema hivyo, na hakuwa mtu wa kulitupa ovyo neno lile. Alijua. Hakukuwa na mahali pengine.

Vijana walipofika, wengine aliwajua kwa majina. Walishambebea magunia pale pale kwake. Mmoja alimwambia kwa heshima kabisa atoke, wao hawagusi akina mama. Wakamuuliza mzee wake yuko wapi.

"Ameenda na gari," akajibu.

"Gari gani?"

"Ya mahindi. Ya Kipyego. Jana."

Wakaamini. Kipyego alijulikana, na lori lile walikuwa wameliona likipita. Basi wakachoma nyumba wakijua haina mtu. Upepo ulikuwa unatoka mbele, ukaulaza moto nyuma, upande wa mabua. Hapo Njambi akapiga magoti, akawaambia ukweli, kuna mtu kule ndani, mume wangu yuko kule.

Wakacheka. Yule aliyemwambia kwa heshima atoke ndiye aliyemjibu.

"Mama, umesema ameenda na gari. Kwani una wazee wangapi?"

Alitaka kukimbilia mabua, wakamshika mikono miwili. Walimwambia ataungua. Walimshika vizuri, aliniambia, bila kumuumiza, mpaka mabua yote yakaisha. Hayakuchukua muda. Nderitu hakuwa na sauti ya kupiga kelele, na kifuniko chake kilibaki mlangoni.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Njambi alikaa hema moja na Nyaguthii. Nilikuwa napita kuwashonea mahema yaliyoraruka, ndiyo maana nilikuwepo siku Kipyego alipokuja. Zilikuwa zimepita wiki kadhaa. Alikuja na sukari na majani ya chai, akasimama nje ya hema kofia mkononi, na watu walioijua lafudhi yake wakaanza kunong'ona. Njambi alimkaribisha. Akampa debe akalie.

Alitoa pole. Alisema Mzee alikuwa mtu mzuri. Halafu akasema lile alilokuja kulisema.

"Uliniambia nitandaze kwanza, Mama. Ulisema kabla ya kitu kingine chochote. Ulinifuata mpaka langoni ukasema tena. Nilitandaza mpaka jua likaingia, kuangalia barabara imefungwa."

Njambi alikuwa anamtazama mdomo. 

Kipyego akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua. Ndani kulikuwa na mahindi kiasi cha kujaza kiganja. Akasema mengine yamepata joto, yananuka kidogo, na kwake hakuna mtu anayejua, basi ameona amletee aangalie kama yatafaa.

Nilidhani atayamwaga chini. Aliyapokea. Akachagua punje moja, akauma, akatafuna, akatema.

"Haijafika," akamwambia. "Itoe yote nje. Usiitandaze kabla umande haujaisha. Geuza kila wakati, kwa mguu, usitumie jembe utaipasua. Yenye harufu tenga kando, usiwape watoto."

Kipyego akashukuru, akaondoka. Nyaguthii alikuwa amejizuia mpaka hapo. Alimwambia Njambi kwamba hana akili wala hana uchungu, kwamba yeye angemtemea huyo mtu yale mahindi usoni, kwamba mume wake amekuwa majivu na yeye anafundisha muuaji kukausha. Watu wa mahema ya jirani walitoka kusikiliza. Njambi alikuwa anakunja ile karatasi, anaikunja ndogo zaidi na zaidi.

"Lakini ni kweli nilimwambia," akasema.

Tangu siku ile ndivyo alivyoamini. Nyaguthii alijaribu, mimi nilijaribu, Kim alikuja kutoka Mombasa akajaribu. Alisikiliza, halafu akasema yale yale, kwamba Kipyego alimwahidi kurudi na yeye akampa kazi nyingine mbele ya ile ya Mzee. Kwamba angenyamaza tu pale langoni, mtu yule angeshusha magunia na kurudi. Alilisema bila kulia, kama mtu anayehesabu vyombo.

Alirudi Kimumu, kwenye kiwanja kile kile, akajengewa chumba kimoja cha mabati. Msimu wa kwanza watu walimletea mahindi. Hata Kipyego alileta. Njambi aliyatandaza kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, juu ya turubai ndogo ya msaada. Lakini hakuzuia mtu tena. Mwenye mahindi akija asubuhi ya pili na kusema amekuja kuchukua, Njambi alisema chukua. Akiulizwa kama yamefika, alisema yanatosha. Nilikaa naye misimu yote iliyobaki, nikashona magunia ambayo mkono ulikwama kwenye kiganja, na neno kau sikulisikia kinywani mwake tena. Wengine walirudi na mahindi yenye ukungu wakamrushia mlangoni, wakamwambia amezeeka, hajui tena kazi. Aliyafagia akawapa kuku wa jirani, wakafa wengine, na wenye kuku wakaja kumtukana kwa hao. Mwisho hakuletewa kitu. Alikufa kabla ya kura iliyofuata. Kim alimzika upande wa nyuma, kulikokuwa na mabua.

Mimi nimeendelea kutembea. Miaka imepita, macho hayaoni tundu la sindano sawasawa, lakini miguu bado ipo. Nilimkuta Sadiq kwake West Indies, ameuza lori, amekaa kibarazani na wajukuu. Nilimuuliza kuhusu siku ile. Hakunificha. Alisema magunia yalishuka mapema, jua bado liko juu kabisa, vijana wa Kipyego walikuwa wengi. Kisha Kipyego akamwambia aliweke lori nyuma ya ghala, lisionekane kutoka barabarani, angoje. Akangoja. Aliletewa chai, akalala kwenye kiti cha dereva, akaamka, akaletewa chai tena.

"Mzee, mimi ni dereva," akaniambia. "Mwenye mzigo akisema ngoja, nangoja."

Nilimuuliza alikuwa anangoja nini. Akamwita mjukuu amletee maji ya kutawadha.

Nikaenda kwa Kipyego. Naye amezeeka. Alinikaribisha vizuri, akaniita mzee mwenzake, akanimiminia maziwa lala. Mbele yetu mahindi yalikuwa yametandazwa, na mke wake anayageuza kwa mguu, vile vile kabisa alivyofundishwa kambini. Nilikunywa maziwa yangu. Halafu nikamuuliza kwa upole, kwa sababu sikwenda kugombana na mtu. Alitazama mahindi. Akanijazia kikombe. Nilimuuliza mke wake pia siku hiyo, alipokuja kuchukua vikombe, naye akauliza kama nitalala au nitaenda. Nimepita pale mara nyingine nyingi, na kila mara wananipa maziwa. Ninauliza jambo moja tu. Kutandaza mahindi ni kazi ya mikono na miguu. Lori lilikuwa tupu, na dereva yumo ndani, na kutoka pale nyuma ya ghala Kimumu inaonekana. Lilikuwa linangoja nini?